Fundi Aliyemaliza Kazi kwa Saa Moja

Mimi si mtu wa kutunga. Niliosoma nao wanajua kwamba hata insha ya darasani ilinishinda. Kwa hiyo haya yamenipata kweli, hapa Bunia, mchana wa jua kali, na asiyeniamini aje mtaani kwetu Ngezi aone foleni mlangoni pangu.

Nilikuwa namalizia mémoire, kile kitabu cha kufungia masomo ya chuo. Nilikuwa nimekianza mara mbili, na mara mbili vita vikanikimbiza nikaacha karatasi zote nyumbani. Safari hii kulikuwa na amani, ile amani ya kulala na mfuko umefungwa karibu na mlango. Kitabu chote kilikuwa ndani ya kompyuta yangu, na Jumatatu nilitakiwa kukitetea mbele ya walimu. Jumamosi asubuhi diski ya mashine ikaanza kulia kra, kra, kra. Nisikudanganye, nililia pamoja nayo.

Nikanunua diski mpya, plastiki yake nikaipasua kwa meno yangu mwenyewe. Likumbuke hilo. Sasa nani wa kuifunga? Mafundi watatu wa barabara kubwa waliniambia niwaachie mashine, nipite wiki ijayo. Nikarudi kwa njia ya nyuma, na karibu na kisima nikaona kibanda cha mbao ambacho sikuwahi kukitazama. Ndani alikaa mwanaume mwembamba mwenye kofia ya sufu, bisibisi mdomoni.

"Leta, mama," akasema kabla sijaeleza kitu. "Diski yako iko inakufa. Tutatosha ile kisanduku ya CD, tuiondoe kabisa, diski mpya tutaiweka pale, kisha tutakopie yote. Ngojea hapa. Saa moja tu."

Saa moja? Fundi gani duniani anasema saa moja? Hapo ndipo ningekimbia. Lakini nilikuwa na shida, nikakaa.

Na saa moja ilipotimia, kazi ilikuwa imekwisha. Nilipouliza malipo akasema, "Utanisaidia kazi kidogo." Kisha akanishika kwa macho. "Sikia, mama. Diski mbili mu mashine moja, ile haiko kopi. Ukikimbia na ukaacha mashine, umeacha zote mbili. Kopi ingine upeleke kwa ndugu, mbali. Miye sikufanya vile."

Nilifika nyumbani nikiwa na furaha, nikafungua mfuko. Waya wa umeme ulikuwamo, umekunjwa vile nilivyoukunja asubuhi. Betri ya mashine ile ilikufa zamani, na siku hiyo Ngezi yote haikuwa na umeme. Sasa iliwaka saa nzima kwa umeme gani? Sikutaka kujua.

Jumapili, baada ya misa, nikaona umeme umerudi. Nikawasha, diski ya zamani ikalia mara moja na kunyamaza kabisa. Mashine ikaamka kwa ile ya pili. Kitabu kilikuwa kizima mpaka ukurasa wa mwisho, nikapiga magoti. Halafu nikaona pembeni mafaili ambayo si yangu. "Mama Kavira, simu." "Muzee Uyirwoth, picha za ndoa." "Kwaya, nyimbo." Majina kwa makumi, kwenye diski niliyoipasulia plastiki kwa meno.

Mama Kavira ni jirani yangu, anauza maandazi. Nikamwita, nikafungua lake. Pichani akatokea mume wake, yule aliyekufa wakati wa vita, amembeba mtoto wao siku ya ubatizo. Mama wa watu akakaa chini sakafuni, akalia, nami nikalia.

"Ile simu nilimuachiaka Fundi Mateso," akasema. "Kila siku aliniambia pita kesho, mpaka tukakimbia. Weye umeitosha wapi?"

Nikamweleza kibanda, kofia, bisibisi.

"Ni yeye kabisa. Alikufa mu njia ya Komanda tukikimbia." Yeye akafuta machozi, akauliza, "Yako alifanya siku ngapi?"

"Saa moja."

Akanitazama kwa huruma. "Basi haiko Mateso."

Kufa kwake hakukumsumbua. Hiyo saa moja ndiyo iliyomshinda. Tukaenda wote kisimani. Kulikuwa na majani na mbao mbili zilizoungua zamani, na juu ya ubao mmoja kisanduku changu cha CD, kimefutwa vumbi vizuri.

Jumatatu nilitetea, nikapita. Kopi nyingine nilimpelekea dada yangu anayeishi mbali, kule Boga. Lakini tangu siku ile sijui kupumzika. Habari ilienea, watu wanakuja kudai picha zao, na wananigombeza mimi kwa kuchelewa kwa Mateso. Wengine wananiletea hata mashine zao mbovu nizitengeneze. Muzee Uyirwoth alipata picha zake za ndoa, sasa anataka na redio aliyomwachia Mateso. Nikamwambia redio haiingii kwenye diski. Akasema nimuulize fundi mwenyewe.

Kwa hiyo nakuonya. Kopi ya kitu chako usiiache ndani ya mashine ile ile. Na fundi akikuahidi saa moja, na saa moja ikatimia, kabla hujamshukuru muulize kama leo amekula.

Jana muzee alibisha hodi tena. Nilikuwa nimechoka, nimeinamia mashine ya mtu, bisibisi mdomoni. Nikaitoa, na bila kufikiri nikasema, "Muzee, pita kesho."

Muzee akarudi nyuma hatua mbili, akafanya ishara ya msalaba.