Kamba Tatu Kutoka Majini

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa na kuta za matete, mabati manane juu, na mlango mmoja wa bati uliotoka kwenye basi bovu. Mlango niliuleta mimi kutoka Buyenzi, nilikokuwa nauza vipuri. Nyumba ilikuwa ufukweni mwa ziwa, mbele kidogo ya bandari, nayo ilikuwa yake ya pili. Ya kwanza iliungua mtaa wa Kinama vita vilipoingia mitaani, na mumewe akiwa ndani.

Ufukweni alianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, akauza, akala. Yeye na majirani walikata matete kwa kuta na kwa kuni, maana siku zile kupanda mlimani kutafuta kuni kulikuwa kutafuta risasi. Kiangazi cha pili matete yalikuwa yamekwisha, sisi na ziwa tunatazamana uso kwa uso.

Ndipo akaja bwana wa komini, serikali ya mtaa, na kamba ya kupimia, vigingi na ndoo ya rangi nyekundu. Amri ilikuwa fupi: urefu wa kamba tatu kutoka majini asikae mtu. Hapo patapandwa matete upya, yavunje mawimbi, yashike matope yanayoshuka milimani. Tulicheka. Mji unaungua, yeye anapanda majani.

"Shefu," nikamwuliza, "maji yanaanza wapi?"

Akaonyesha mstari wa maganda meupe ya konokono, hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu. Maji yenyewe yalikuwa kule mbali, kiangazi kimeyarudisha.

"Hapa. Ziwa lilifika hapa, na litarudi."

"Apana, shefu. Hapa mi naona mchanga. Amri yako imesema maji, haikusema maganda."

"Kijana, mi napima ziwa, sipimi maneno."

"Basi lipime. Lile pale. Ao limekuomba ruhusa ya kwenda ng'ambo, Uvira?"

Majirani wakaangua kicheko. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa ameushika mlango wake kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akaniambia polepole, "mi sina tena pa kwenda."

Nilizoea kubishana bei ya kabureta tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Bwana wa komini alikuwa na siku moja na ufuko mzima wa kupima. Saa sita akachoka.

"Haya. Tupime toka maji ya leo. Lakini ziwa utajibizana nalo wewe."

Kamba tatu ziliishia hatua nne mbele ya mlango. Nilihesabu mara mbili. Kigingi chekundu kikapigwa hapo, nyumba zote kumi na moja zikasalimika, nami nikajiona nimeishinda serikali bila bunduki, jambo ambalo wengi walikuwa wanalijaribu na bunduki na bado hawajaliweza. Vichipukizi vya matete alivyopanda siku ile tuliwaachia mbuzi.

Mvua za msimu uliofuata zilikuja zikasahau kuondoka. Ziwa likapanda taratibu, kama mteja asiyetaka ionekane ana haraka. Likafika kwenye kigingi, likakipita. Ijumaa moja, baada ya swala, upepo ulivuma kutoka upande wa Kongo na mawimbi yakaingia mchana kweupe. Nilipofika, mama mdogo alikuwa amesimama kando ya barabara na sufuria mbili na ule mlango. Nikahesabu nyumba zilizobaki. Nikarudia. Haikubaki hata moja kati ya zile kumi na moja nilizoziokoa.

Hakunilaumu. Ningependa anilaumu, lawama mtu anaweza kubishana nayo. Alihamia chumba changu cha nyuma, Buyenzi, mahali pasipo na jua la kuanikia chochote.

Maji yaliposhuka, yule bwana alirudi na kamba yake ileile. Safari hii nilikwenda mwenyewe, nikashika ncha, nikaiweka juu ya maganda.

"Leo huombi nipunguze?"

"Apana, shefu. Vuta."

Akavuta. Kigingi kikaangukia mbali, nyuma kabisa ya pale uliposimama mlango. Pale mama mdogo hatajenga tena, na kamba niliishika mimi. Tukapanda matete mpaka adhuhuri.

Niliporudi nilimkuta anachagua maharage. Akauliza kigingi kimekaa wapi. Nikamwambia.

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

"Hata siku ile ulihesabu mara mbili," akasema, akaendelea kuchagua.