Mibuni ya Shangazi

Kwetu Rugera mwanamke anaruhusiwa kupanda kitu chochote kitakachokufa ndani ya mwaka. Maharage, karanga, mahindi, viazi vitamu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa maneno hayo. Maneno ni yangu, nimeyapata kwa kutazama. Wenyewe hawana haja ya kuyasema. Mbuni, mti wa kahawa, unadumu, na anayepanda kinachodumu anatangaza kwamba hapa ni kwake. Maharage hayatangazi kitu. Yanang'olewa, yanapigwa, yanapikwa, na ardhi inabaki kana kwamba hakuna mtu aliyeinama juu yake.

Niliporudi nyumbani na shahada yangu, bila kazi, nilimkuta shangazi yangu amerudi kabla yangu. Yeye alitoka Kyerwa, alikoolewa akiwa binti mdogo. Huko alipalilia kahawa ya mumewe na kuichuma na kuianika, mpaka mume akafariki, na watoto wa mke mkubwa walipomaliza kulia wakamwonyesha njia. Hakuwa na mtoto wa kumtetea. Alifika kwetu na godoro, sufuria na jembe. Baba, ambaye ni mdogo wake, akamkatia kipande chini kabisa ya kibanja chetu, shamba la ukoo, pale migomba inapoishia na mteremko kuanza, akamwambia, "Lima chochote unachotaka, dada yangu." Mama aliniambia kwamba majirani walimsifu sana Baba kwa neno hilo.

Lazima nimtendee haki Baba. Alinisomesha wakati wenzake wakimcheka kwamba anamwagilia shamba la mkwe. Ni mzee wa kanisa. Siku ya wanawake aliwahi kuitwa Kayanga kuzungumza, akaenda amevaa shati la kitenge kile kile walichoshona akina mama, akasema mbele ya watu, "Mimi sina mtoto wa kike wala wa kiume. Nina watoto." Walimpigia makofi na vigelegele. Nilijivunia maneno hayo mpaka siku nilipomuuliza kibanja kitagawanywa vipi kwa hao watoto wasio wa kike wala wa kiume. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa.

"Wewe utaolewa," alisema. "Unahangaikia nini?"

Kwa Kinyambo, lugha yetu, shangazi yangu ni *tatenkazi*. Ukilifungua neno hilo unakuta ndani yake "baba wa kike". Watu wa kwetu wanalipenda. Wageni wakija wanaelezwa kwamba sisi tunamheshimu mwanamke kiasi cha kumwita baba. Na kweli, shangazi ndiye wa kunikalisha chini nikipata mchumba, ndiye wa kula sahani ya kwanza kwenye send-off yangu. Ni baba katika mambo yote isipokuwa lile linalomfanya baba awe baba, yaani kuwa na mahali.

Mvua za vuli zilipoanza niliona viriba vya kuoteshea miche nyuma ya jiko, vimepangwa chini ya kivuli cha majani ya migomba. Nilidhani ni miche ya nyanya. Baadaye nikamkuta shangazi bondeni akiipandikiza katikati ya mistari ya maharage. Nilisoma chuo kikuu, lakini nimekulia kwenye kahawa. Jani la mbuni nalijua hata gizani.

"Shangazi, hii si kahawa?"

"Macho yako mazuri."

"Baba anajua?"

"Aliniambia nilime chochote." Alishindilia udongo kwa viganja, akaweka nyasi kavu kuzunguka shina. "Nimelima kahawa ya baba yangu. Nimelima ya mume wangu, nikafukuzwa ikiwa na matunda. Nataka nione moja tu ikizaa nikiwa mimi ndiye ninayeitwa mwenyewe. Baada ya hapo hata nikifa, sawa."

"Itachukua miaka mpaka izae."

"Kwani naenda wapi?"

Hicho ndicho alichokitaka. Nakiandika wazi kwa sababu baadaye watu walikizungushia maneno mengi: mara anataka kurithi, mara ametumwa na watu wa semina, mara msomi amemwingizia sumu. Alitaka kuitwa mwenyewe wa mibuni ishirini na kitu, kwenye kipande ambacho hakuna mwanaume aliyewahi kukijali.

Maharage yaliificha miche msimu mzima. Yalipong'olewa, ikabaki imesimama peke yake, mistari iliyonyooka, majani yanang'aa. Baba alishuka kutafuta mbuzi aliyekata kamba, akaiona. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alipanda taratibu mpaka uani, akanawa mikono, akaketi, akaniuliza mimi.

"Mmepanda kahawa?"

"Shangazi amepanda."

"Angeomba."

"Ulimwambia alime chochote, Baba."

"Chochote ni chochote," alisema, akionekana kweli kushangazwa na ujinga wangu. "Kahawa ni ardhi."

Nilitegemea Mama atakuwa upande wetu. Alikuwa anamenya ndizi, na hakuinua kichwa. "Mimi nimeihudumia kahawa ya humu tangu niolewe," alisema. "Umewahi kunisikia nikisema ni yangu? Yeye ana nini cha zaidi?" Mtu aliyenyimwa maisha yake yote huwa haoni kwa nini mwenzake apewe.

Jumapili baada ya ibada wakaitwa watu. Alikuja baba mkubwa, kaka yao wa kwanza, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, pamoja na wazee wawili wa jirani. Walikaa sebuleni. Mama na shangazi walipeleka chai na mihogo ya kuchemsha, kisha shangazi akaketi kwenye mkeka karibu na mlango kusikiliza kesi yake. Mimi nilivuta kiti. Baba mkubwa alikitazama kile kiti kwa muda, halafu akanitazama mimi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mheshimiwa." Wazee wakacheka. "Leo tuna bunge."

Nilizungumza. Nilisema sheria ya ardhi ya nchi hii inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata ardhi, kuitumia na kuimiliki, na kwamba mila inayomnyima haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema vizuri.

"Hiyo sheria," aliuliza baba mkubwa, "imeshukia stendi Omurushaka au imefika mpaka hapa?"

Walicheka tena, na Baba akacheka kidogo, kwa aibu.

"Ipo nchi nzima, baba mkubwa."

"Basi iambie ije ipalilie."

Kilichoniuma si kicheko. Nilijua kwamba nilikuwa nimesema kweli na kwamba kweli yangu haina miguu. Sheria inamngoja mtu aende kuiita. Ili aiite, shangazi angelazimika kupanda bodaboda hadi mahakamani Kayanga kumshtaki mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni, kisha jioni arudi kulala chini ya bati la mshtakiwa na kula kwenye chungu chake. Walioandika sheria hawakufikiri habari za chungu.

Baba mkubwa akamgeukia shangazi. "Wewe dada, unasemaje?"

"Nimepanda tu, waitu," alisema, kwa neno letu la heshima. "Sikuhamisha mpaka wa mtu."

"Ukifa, nani atachuma?"

"Nikiwa hai nitachuma mimi."

"Nimeuliza ukifa."

Shangazi aliinama akanyoosha ukingo wa mkeka. Wazee wakatikisa vichwa kama watu waliokwisha kupata jibu. Niliuliza kama mwanaume akifa kahawa yake inajichuma yenyewe. Baba akaniambia ninywe chai yangu.

Walijadiliana kwa Kinyambo, haraka, kwa sauti za chini. Nilitegemea waseme ing'olewe. Nilikuwa tayari kwa hilo; nilikuwa na hotuba ya pili. Lakini wazee wetu si wakatili, na hilo ndilo linalowafanya wasishindike. Baba mkubwa alifuta midomo, akatoa uamuzi. Miche isiguswe. Kung'oa kahawa ni laana. Ila kahawa haiwezi kukaa bila mwenyewe, kwa hiyo kuanzia siku hiyo itakuwa ya mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye atakayerithi kibanja. Shangazi ataendelea kuitunza, na ataruhusiwa kupanda maharage katikati ya mistari.

"Kwa upendo kabisa," alimalizia. Wakapiga makofi.

Mdogo wangu hakuwepo hata. Yuko Omurushaka, anaendesha bodaboda. Nilipompigia simu kumweleza kwamba ana kahawa mpya, alicheka mpaka akakohoa. "Dada, mimi hata kuinywa siinywi! Mwambie shangazi achukue tu." Nikamwambia arudi aseme hivyo mbele ya baba mkubwa. Akasema kuna abiria anamsubiri.

Shangazi alisema, "Nimeshukuru." Alikusanya vikombe, akaviosha, akavipanga. Akatwaa jembe lililoegemea ukuta wa jiko, akashuka bondeni mchana kweupe, wazee wakiwa bado wanaagana uani. Nilimfuata. Nilipofika alikuwa amekwisha kuanza. Hakuwa na hasira kwenye mikono. Aling'oa kama anavyong'oa maharage, anapiga jembe mara moja kando ya shina, anavuta, anakung'uta udongo, anaweka kando. Mizizi ilikuwa myeupe na mirefu kuliko nilivyodhani.

"Shangazi, acha. Tutakata rufaa. Nitakwenda Kayanga mimi mwenyewe."

"Sogea, unakanyaga."

Alipomaliza aliifunga miche kwa kamba ya mgomba kama mzigo wa kuni, akaiacha palepale. Baba alikuja akasimama juu ya mteremko. Walitazamana. Baba alipogeuka, mabega yake yalikuwa ya mtu aliyetukanwa nyumbani kwake baada ya kumkaribisha mgeni chakula.

Siku hizi habari hii inasimuliwa, lakini si hivi nilivyoisimulia. Nimeisikia kanisani, kwenye mkutano wa kujadili nafasi ya mwanamke katika jamii, kutoka kinywani mwa Baba mwenyewe, naye haamini kwamba anadanganya. "Ndugu zangu, tusiwalaumu wanaume peke yao," alisema. "Dada yangu tulimwachia kahawa. Tuliikubali, tukaipigia makofi. Akaing'oa kwa mkono wake. Akina mama bado hawajawa na subira na mazao ya kudumu. Tuwaelimishe." Watu waliitikia kwa vichwa. Mwezeshaji, kijana wa rika langu, aliandika kitu ubaoni kuhusu kuwajengea wanawake uwezo.

Shangazi alikuwepo, benchi la nyuma. Alisikia kila neno. Nilisimama ili niseme, akanishika sketi akanivuta nikakaa.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini anakubali wamgeuze hivyo, wakati waliompokonya ndio hao hao.

"Wakisikia nilinyang'anywa, watanionea huruma," alisema. "Nimeonewa huruma Kyerwa, naijua. Waache waseme nilipewa nikakataa. Labda wataniogopa kidogo."

Tulikuwa tumekaribia nyumbani, na baba mkubwa alikuwa amesimama barabarani kwenye geti lake, akatuita kutoka mbali, akicheka, akimuuliza dada yake kama mwaka huu atapanda maharage au atapanda tena hasira. Shangazi alicheka naye, akapita. Mimi bado natafuta huyo mtu anayemwogopa.