Paja la Mwalimu Mgeni

Jumatatu iliyopita nilikutana na uso wangu juu ya kitanda cha mtu mwengine.

Kazi yangu ni kutandika vyumba katika nyumba ndogo ya wageni hapa Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao jua linaingia adhuhuri tu. Chumba cha juu amekaa msichana wa kutoka ng'ambo. Amekuja kujitolea, anakwenda kulea na kusomesha watoto wadogo kwa wiki sita. Asubuhi ile alikuwa keshatoka, na juu ya mto wake kaacha kijitabu cha chama kilichomleta, kiko wazi. Sina tabia ya kupekua vya watu. Nilikinyanyua ili nivute shuka, basi. Nikaona picha ya katoto ka miaka mitano, sare ya kijani, ushungi mweupe umekwenda upande, jino la mbele halipo, na chini ya kidevu kovu kama mwezi mchanga. Nikajishika kidevu. Kovu lile nililipata kwa mbuzi ya bibi, ya kukunia nazi, na sijaona mwengine mwenye kovu kama lile. Nikakaa kitandani, jambo ambalo sisi wafanyakazi haturuhusiwi.

Chini ya picha palikuwa na maneno ya Kizungu. Mimi skuli niliishia kidato cha pili, Kiingereza changu cha kuungaunga, kwa hivyo nilisoma mara tatu na sikuyaamini macho yangu. Nikateremka nacho kwa dada wa mapokezi, picha nimeiziba kwa kidole gumba, nikamwomba anisomee yale maneno tu. Akanisomea huku anakunywa chai: mtoto huyu amefiwa na baba na mama, na mapenzi ya mama ameyajua kwa mara ya kwanza kwenye paja la mwalimu aliyekuja kujitolea. Akasema maskini, akanirudishia.

Mama yangu nilimwacha nyumbani asubuhi hiyohiyo, anachambua mchele.

Sasa ngoja nikueleze kama nnavyokumbuka, na pale nisipokumbuka vizuri nitakwambia. Nililelewa na bibi yangu, Bububu, karibu na barabara kuu. Mimi ni mtoto wa kwanza, na mama alipoachwa na baba akarudi kwao Chwaka kulima mwani, bibi mzaa baba alisema mtoto huyu nipeni mimi. Nikapewa. Kwetu hilo halina ajabu, mtoto wa kwanza hupewa bibi ili nyumba isiwe kimya. Baba alivuka bara na salamu zake zilikuwa zikija mara mojamoja. Mama alikuwa anakuja kwa kufuata maji ya bahari. Bamvua likiingia, maji yakatoka mbali, yumo baharini na wenzake wanafunga mwani kwenye kamba. Yakija maji mafu, ambapo pwani haiwi kavu vya kutosha, ndipo anapanda gari kuja kunitazama. Siku za wiki nilikuwa bado sizijui, lakini nikimsikia bibi anasema maji mafu yameingia, nilikwenda kukaa kizingitini.

Alikuja na harufu yake ya chumvi, vidole vimechanjwachanjwa na kamba, na mkobani ngisi wakavu wa bibi na visheti vyangu.

Skuli yetu ya watoto ilikuwa chumba kimoja chenye bati, mikeka minne na kengele ya kipande cha chuma. Asubuhi tulipewa uji wa mchele wenye iliki, na mpaka leo nikisikia harufu ya iliki nasikia na kelele za vikombe vya bati. Mwalimu wetu alikuwa mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti nyembamba, na sisi tulikuwa wengi kuliko mikeka. Nalitaja hili kwa sababu mbele huko utataka kumlaumu, na mimi sijui kama ni haki.

Kisha akaja mwalimu mgeni. Asubuhi yake ya mwanzo alisimama mbele yetu, shingo imeiva kwa jua, akatuinamia na kusema kwa heshima zote, "Shikamooni." Na sisi, vitoto visivyojua kufunga vifungo vyetu wenyewe, tukajibu kwa pamoja, "Marahaba." Mwalimu wetu aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Toka siku hiyo tukawa tunamvizia mlangoni atuamkie, na yeye kila siku akatuamkia, mpaka mwalimu wetu alipomwonea huruma akamweleza. Alicheka kuliko sote.

Alikuwa mtu mzuri. Nnalisema hili kabla ya lile la pili. Alitukata kucha mmoja mmoja. Aliosha miguu ya waliokanyaga tope. Mtoto akilia, mwalimu wetu alimwambia nyamaza. Yeye alikaa naye chini mpaka kilio kiishe chenyewe. Sijamwona tena mtu mzima mwenye subira ile.

Siku moja akatugawia karatasi na penseli za rangi, tuchore watu wa kwetu. Mimi nikamchora bibi, paka, na mbuzi ya nazi. Mwenzangu niliyekaa naye mkeka mmoja akachora watu wengi, na katikati mwanamke mkubwa kuliko nyumba, amevaa kanga nyekundu. Mwanamke yule alikuwa mama yake, na mama yake alikuwa amefariki mwaka wa nyuma yake. Sote tulijua. Mgeni hakujua. Akamsifu kwa rangi, akaja kwangu. Akaniuliza, mama? Nikatikisa kichwa, maana kwetu mama hakuwapo, alikuwa Chwaka. Baba? Nikatikisa. Nikaona macho yake yanajaa maji. Akanibeba, akaniweka kwenye paja lake, nikanywea uji wangu hapo.

Unajua, bibi yangu alikuwa mgonjwa wa magoti. Alinipenda, alinilisha, alinichapa kwa haki, lakini paja lake halikuweza kubeba mtoto. Lile la mgeni lilikuwa pana na lina harufu ya sabuni ya maua. Kesho yake nikapewa na kengele nigonge mimi.

Mara ya mwanzo sikujua alichokifahamu yeye. Hilo naweza kuliapia. Lakini baada ya siku mbili alimleta mwalimu wetu, ili aniulize kwa Kiswahili. Mwalimu, watoto wanamvuta nguo huku na huku, akaniuliza mama yako yuko wapi. Nikasema hayupo. Mtoto mmoja nyuma yangu akadakia, "Kafa huyo?" Na mimi nikakubali kwa kichwa.

Nilijua maana ya kufa. Nilikuwa nimeona jeneza likipita pale barabarani. Nilikubali kwa sababu niliogopa kushushwa pajani. Mambo haya nimeyaandika kwenye daftari langu mara nyingi wiki hii, na kila mara najaribu kutafuta sentensi itakayonipunguzia, nimeikosa. Na mwenzangu, yatima wa kweli, alikuwa pale pale kwenye mkeka, anakunywa uji wake kwa mikono miwili, hajabebwa na mtu.

Halafu maji mafu yakaingia. Nilikuwa nimekaa pajani nilipomwona mama mlangoni, na mkoba wake. Sikumkimbilia. Uso wangu nikauficha shingoni mwa mgeni. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kidogo: mama kaongea na mwalimu wetu kwa sauti ya chini, mgeni kampa mama mkono, visheti vimewekwa dirishani, na mlango mtupu. Baadaye mgeni akanisimamisha penye jua nicheke, akanipiga picha. Miaka yote hii nimejiambia mama alikuwa na haraka siku ile. Kwa nini awe na haraka wakati wa maji mafu, sikujiuliza.

Yule msichana wa chumba cha juu aliporudi mchana nilimkuta ngazini, nikamwonyesha picha, kisha kidevu changu. Alitazama hiki, akatazama kile. Nikamwambia kwa Kiingereza changu mama yangu yupo, anapika. Akaziba mdomo kwa mkono na kijitabu akaniachia. Kesho yake asubuhi alinisubiri kabla hajaenda kwenye watoto wake, akaniuliza, sasa yeye aulizeje habari za wazazi wao. Nikamwambia asimwulize mtoto. Asubiri saa ya kutoka, amwamkie anayekuja kumchukua, kisha atafahamu mwenyewe. Akaandika kwenye mkono wake. Sijui kama nilimjibu sawa.

Kijitabu nilikaa nacho siku tatu, nimekificha chini ya kanga zangu. Mama anakaa na mimi sasa. Mwani wa pale kwao uliharibika, maji yamekuwa moto, kamba zinavutwa hazina kitu, na vidole vyake havina mikato mipya tena. Kila nikimtazama naona yale maneno. Nikawaza nikikichoma nani atajua. Lakini mahali fulani kuna watu wameisoma habari ya kifo chake na wakamhurumia mwanawe, na yeye mwenyewe hana habari. Nikaona hilo nalo ni kumficha maiti yake.

Alhamisi baada ya alasiri nikamwekea kijitabu mapajani. Alisogeza sinia la mchele, akaangalia picha muda mrefu, na ule uso wake ukafunguka.

"Huyu wewe," akasema. "Yaa Rabi. Wewe huyu."

Akapitisha kidole juu ya jino lililokosekana. Kisha kidole kikateremka kwenye maandishi. Akaniuliza yanasemaje.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema uongo wa pili. Nikamsomea kama nilivyosomewa. Nikamwambia na nilivyokubali kwa kichwa. Nilikuwa nimetazama chini, kwenye mchele, nasubiri.

"Nnajua," mama akasema.

Nikamwuliza anajua nini. Akawa anachambua, punje moja moja, na ananieleza kama mtu anayetaja bei za sokoni. Siku ile mlangoni mwalimu wetu alikuja mbio kumpokea, kafadhaika, akamwambia Bi mkubwa, pana makosa yametokea, mgeni anaamini wewe umefariki, na mtoto kaitikia. Mwalimu alitaka kwenda kusahihisha hapohapo. Mama akamshika mkono.

"Nikamwambia usimwambie. Watoto wamejaa mule ndani. Wakijua mwanangu kanizulia kifo, watamwita muongo mpaka anaolewa. Mgeni ataondoka. Mimi siondoki."

"Sasa mgeni alipokupa mkono?"

"Kauliza mimi nani. Mwalimu kashindwa kusema, maskini. Nikasema mimi mwenyewe. Jirani."

Nikamwuliza mgeni alimjibu nini. Mama akatabasamu, si kwa furaha wala si kwa uchungu, sijui niiteje. Akasema, "Kaniambia asante. Kwa Kiswahili, alijifunza vizuri yule. Asante kwa kumsaidia mtoto."

Miaka yote nilidhani siri ni yangu, nami nimemficha mama, kumbe yeye ndiye aliyenificha. Na kila maji mafu aliendelea kuja, ila skuli hakukanyaga tena mpaka mgeni aliposafiri. Alinisubiri kwa bibi, kizingitini, pale nilipokuwa nikimsubiri mimi.

Akaomba mkasi. Nikadhani anataka kukichanachana, nikampa. Akakata taratibu, akifuata ukingo wa picha, mpaka maneno yakabaki peke yake kama utepe. Utepe akanipa mimi. Picha akaishika.

"Sina picha yako ya utotoni hata moja," akasema. "Bibi yako alikuwa hataki mapicha."

Utepe nimeubandika hapa kwenye daftari, ukurasa wa leo. Nilipita Bububu jana kusudi, nikapatafute. Kile chumba cha bati sasa wanauza saruji na misumari. Kizingiti cha bibi kimevunjwa, pamejengwa fremu za maduka, na bibi mwenyewe tulishamzika. Mwalimu wetu sikupata wa kumwuliza habari zake. Yule mwenzangu wa mkeka mmoja nimesikia kaolewa Nungwi. Ningependa kumwomba radhi, ila sijui nianze vipi na mtu ambaye huenda hakumbuki. Mwalimu mgeni naye, popote alipo, siwezi kumchukia. Aliandika alichoambiwa na mtoto.

Picha mama ameichomeka pembeni mwa kioo. Asubuhi ya leo nilikuwa najifunga ushungi wangu niende kazini, yeye kasimama nyuma yangu, anaitazama ile ya kioo na ananitazama na mimi. Akanyoosha mkono akauvuta ushungi wangu kidogo ukakaa sawa, ingawa nadhani ulikuwa sawa.

"Siku ile ulikuwa umekwenda upande," akasema. "Niliuona toka mlangoni. Nikataka nikuweke vizuri, nikaogopa. Ningekugusa tu, ungeniita mama."