Karambu na Shafti Iliyokataa Kutulia

Sisi tunaokaanga mandazi hapa Kangeta hujua habari za karakana ya Mzee Kaimenyi kabla hazijatoka mlangoni, maana kati yetu ni ukuta wa mabati tu. Asubuhi ile niliposikia amemwita mnunuzi wa skrepu, vyuma chakavu, aje na lori, mwiko uliniponyoka. Alikuwa anauza mashine yake ya kukereza vyuma, na mashine hiyo ndiyo inayomlisha Karambu, mwanamke pekee wa kazi hiyo sokoni kwetu.

"Hiyo mashini imezeeka, mama," Kaimenyi alimwambia. "Shafti ikizunguka inayumba. Watu wa kinu cha unga wamerudisha shafti yao tena. Lori ikifika, ibebwe."

"Mzee, wacha kwanza nijaribu kitu moja," Karambu akasema.

Nilikasirika kwa niaba yake. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote, ni vile mafundi wetu wanavyofunga chuma. Hufunga shafti, ile nondo nene inayozungusha kinu, huigonga kwa nyundo, huizungusha kidogo, huigonga tena, kisha husema imekaa sawa. Wapi. Haikukaa sawa hata siku moja.

Karambu akaokota beringi ya gurudumu la bodaboda, akaiosha kwa petroli mpaka ikawa inazunguka kwa kupulizwa tu. Akaifunga kwa bolti kwenye ncha ya chuma bapa, na chuma hicho akakibana mahali panapokaa kisu cha kukatia. Niliacha mandazi yaungue, nikaenda kuchungulia.

Mara ya kwanza alikuwa amekaza taya zinazoshika shafti kwa nguvu zake zote. Beringi ilipoigusa ilipiga kelele tu, na shafti ikaendelea kuyumba. Karambu akacheka peke yake: iliyobanwa hivyo ingesogeaje? Akalegeza taya kidogo, zikabaki zimeishika tu isianguke. Akawasha mashine polepole, akaisogeza beringi mpaka ikagusa karibu na ncha ya shafti. Safari hii vikazunguka pamoja, beringi ikiisukuma shafti kuelekea katikati. Kuyumba kukapungua. Kukapungua tena. Nikajikuta nimemshika mkono mteja nisiyemjua. Karambu akazima, akakaza taya, akaondoa beringi, akawasha upya.

Hapo lori likaingia likinguruma hata hatukusikiana. Lilipozimwa, Kaimenyi, ambaye masikio yake yaliharibiwa na mashine zamani, alisimama mlangoni pamoja na mnunuzi wake, akaikodolea macho ile shafti.

"Haya, washa tuone hiyo kitu yako," akasema kwa sauti.

Karambu alichukua chaki, akaigusisha kwenye shafti. Mstari mweupe ukaizunguka pande zote, bila pengo.

Kaimenyi akasogea, akainama. "Kumbe inazunguka?"

"Imekuwa ikizunguka, mzee. Ni vile haiyumbi tena."

Kaimenyi akamgeukia mnunuzi.

"Toa hiyo lori hapo mlangoni," akamwambia. "Watu wa kinu watapitisha wapi shafti yao?"