Kupima Nyayo za Panya

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilifanya kazi katika maabara moja upande wa Lukenya. Tulikuwa tukipima kama dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zinaharibu neva za panya. Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Unamweka panya juu ya wavu, unamwacha atulie, kisha unamgusa unyayo kutoka chini kwa uzi mwembamba wa nailoni. Panya mzima hata hajali. Yule ambaye dawa imemuumiza neva huvuta mguu haraka na kuanza kuulamba. Akivuta, tunaandika, na hakuna wa kumbishia.

Dadangu mkubwa, aliyeishi Katelembo, alikuwa akimeza dawa zizo hizo. Zilimwinua kitandani akarudi shambani kwake, mdomo wake mkali ukarudi naye. Kisha miguu ikaanza kumwaka moto. Mchana mmoja nilimkuta ameikanyagisha kwenye sakafu ya simiti aliyoimwagia maji. Usiku hata shuka hakutaka limguse. Kliniki walikuwa wamemwambia ni mawazo tu.

"Hizi dawa naacha," akanitangazia. "Potelea mbali."

Niliogopa sana. Akiziacha angerudi kitandani, na safari hii huenda asingeinuka.

Uzi wangu sikuwa nao. Nikachomoa unyasi mmoja wa ufagio nikamgusa unyayo taratibu. Aliuvuta mguu kwa nguvu mpaka akaipiga ndoo teke.

"Uko na wazimu?"

Nikamweleza habari za panya, na kwamba kuna dawa nyingine anazoweza kubadilishiwa bila kuacha matibabu. Alinisikiliza amekunja uso.

"Na hao panya wakichomeka miguu, mnawapea nini?"

Nilitamani kumdanganya. "Hatuwapei kitu. Tunawaua, tunaangalia neva."

Alicheka mpaka akatoa machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

"Kwa hivyo panya akivuta mguu mara moja mnamwamini. Mimi nimeongea mwaka mzima."

Jioni alimeza vidonge vyake huku akinung'unika, na asubuhi tukaenda kliniki pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza daktari kila kitu. Nilipofungua mdomo, dadangu alinishika mkono ninyamaze. Akavua kiatu, akainua mguu, akauweka juu ya meza, katikati ya karatasi za daktari.

"Guza," akamwambia.