Baba Alipotolewa Juani

Mugure alikuja Lodwar kutoka Nyeri akiwa karani. Kazi ikaisha, yeye akabaki. Mwaka wa 2012 alikuwa anachapisha picha nyumbani kwake Nawoitorong, nje kidogo ya mji, kwa printa ndogo ya wino aliyoifunika kwa leso kama mtoto mchanga. Dirisha hafungui, sababu ya vumbi. Picha ikitoka anaitazama chini ya taa, anaitia kwenye bahasha, anabandika gundi. Watu walimwita Mama Picha, na alilipenda hilo jina.

Tulitoka Kakuma mimi na mama yangu, Aluel, tukiwa na picha moja tu ya baba, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja cha mtoto. Baba yangu, Thon, alikuwa amemaliza mwaka tangu afariki, na Jumapili ilikuwa maombi yake kanisani. Mama alitaka uso mkubwa wa kuweka mbele. Wadogo zangu wawili hawamkumbuki baba, akasema watamjua kwa hiyo picha.

Mugure aliiskani, akaikuza, printa ikalia karibu robo saa. Baba akatoka kijivu kizuri, hata chale za paji la uso unazihesabu. Mama akaichukua kabla haijafungwa, akatoka nayo nje amwone vizuri.

Nikamfuata. Nilidhani ni macho yangu. Baba alikuwa kijani. Mashavu, shingo, hata weupe wa macho, kijani kama maji yaliyotuama.

Mama hakulia. Aliirudisha ndani, akailaza kifudifudi mezani.

"Mama Picha, mimi nilileta mtu hai. Wewe umenipa maiti."

Mugure akatoka nayo mwenyewe. Juani, kijani. Akaingia ndani: kijivu. Akatoka tena, kijani. Mara ya tatu akakaa kizingitini. Akatueleza polepole kwamba printa yake haina kijivu, inakitengeneza kwa kuchanganya rangi, na taa ya ndani ilikuwa inamficha kijani kilichomo.

"Miaka minne," akasema. "Sijawahi kutoa nje hata moja."

Akaamuru printa itumie wino mweusi peke yake. Kwenye karatasi ya kung'aa wino haukukauka, ukashika vidole. Akatafuta karatasi isiyong'aa. Safari hii baba alitoka na vidoa vidogo kama mchanga ukimkaribia sana, lakini juani alibaki kijivu. Mama alimwangalia muda mrefu.

"Huyu ndiye. Vumbi si kitu, huyu alikuwa na vumbi siku zote."

Mimi nikajua yameisha. Kumbe Mugure amerudi kwenye kompyuta, anatafuta picha nyingine. Mwezi uliopita alimchapishia mama mmoja wa Lopur, karibu na kwetu, picha ya marehemu mumewe, Nabei, nyeusi na nyeupe kama yetu. Yule mama alimshukuru sana, akaondoka na bahasha imefungwa. Alikuwa anaipeleka mazishini, ifunguliwe hapo mbele ya ukoo.

"Na hajanipigia simu," Mugure akasema. "Hajalalamika hata neno moja."

Alimchapisha Nabei upya, akamtoa juani, akafunga mlango wa nyumba. Gari la Kakuma lilipoondoka saa nane, alikuwa ameketi kando ya mama. Tulikwenda kitambo ndipo akauliza atamwambia nini yule mjane.

"Usianze na maneno," mama akamjibu. "Mpe picha, mtoke nje pamoja."

Mugure akaitikia kwa kichwa. Tulipofika Lopur, akashuka na picha mkononi.