Picha Asiyowahi Kuiona

Katika wodi ya watoto wanamwita Sista, ingawa kwa vyeti yeye si muuguzi kamili. Ni muuguzi msaidizi. Anapima joto, anabadilisha shuka, anawatuliza watoto wakati wa sindano, na akiingia muuguzi mwenye cheti, hata awe amemaliza chuo juzi, yeye anasogea pembeni. Mtaani ni Mama Pacha, kwa ajili ya wasichana wake wawili. Hakuwahi kulalamika juu ya kule kusogea pembeni, lakini kimya cha mtu si ushahidi kwamba ameridhika.

Chuo cha uuguzi kilikuwa tayari kumpokea. Kilichobaki ni mtihani mmoja wa kuzungumza Kiingereza, kwa kuwa masomo yote hufundishwa kwa lugha hiyo. Aliufanya mara mbili, mara mbili ukamshinda. Si kwamba Kiingereza hakijui. Maelezo ya dawa anayasoma bila kubabaika. Ila akiketishwa mbele ya mtu mwenye kalamu, ulimi unakuwa mzito kama umefungiwa jiwe. Na chuo hakipokei aliyevuka miaka arobaini, nayo arobaini ilikuwa imeshampigia hodi. Akishindwa safari hii, atasogea pembeni mpaka siku ya kustaafu.

Ndipo akaenda kwa Profesa.

Profesa hakuwa profesa. Jina alipewa na wanafunzi wake, naye hakulikataa. Alifundisha jioni katika chumba nyuma ya duka la fotokopi, na waliomjia walikuwa watu wazima wenye shida zao: mpishi wa hoteli, fundi simu, dereva wa lori aliyetaka kazi ya kuvuka mipaka. Somo lake lilikuwa moja. "Wanangu, mtihani si kisima, ni bomba. Fungua maji yatoke. Usichimbe." Basi kila mada aliitengenezea jibu, na wote walikariri jibu hilohilo: safari niliyoipenda, mwalimu nisiyemsahau, chakula cha nyumbani. Na kwa mada ya sanaa, ambayo watu waliiogopa kuliko zote, aliwapa picha ya mwanamke aliyevaa gauni la buluu, amesimama dirishani, katika jumba la makumbusho la mbali.

Hakuwapa maneno tu. Aliwafundisha na pumzi. Wakifika kwenye neno dirisha, washushe pumzi, watazame dari kama wanaokumbuka jambo, kisha waseme kwamba kila waitazamapo picha ile wanapata amani. Walifanya hivyo kwa pamoja, chumba kizima kikishusha pumzi kwa mkupuo, hata waliokuja kutoa fotokopi wakadhani huko nyuma kuna maombi.

Kukariri si dhambi. Sote tulikariri jedwali la kuzidisha na hatukuharibika. Ubaya ni kusema "nimeona" ilhali hukuona, na kumfundisha mtu mzima, mzazi wa watoto, aseme hivyo huku ametazama dari.

Mama Pacha alifanyia mazoezi jikoni, mumewe akiwa msikilizaji. Mume ni mwashi, mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Alimsikiliza mpaka mwisho, pumzi na dari vyote, kisha akauliza lile dirisha ni la mbao au la chuma.

Mkewe akasema hilo Profesa hakulisema.

"Na linaangalia wapi?"

"Baba Pacha, huu ni mtihani wa Kiingereza, si wa ujenzi."

"Mimi sijawahi kutoboa dirisha ukutani kabla sijajua linaangalia nini," alisema mume. "Cha kuazima hakisitiri matako, mke wangu. Wewe huna picha yako?"

Alijibu kwamba hana. Na alijibu kwa dhati, maana hakudhani kwamba ile anayoifuta vumbi kila wiki inaweza kuitwa sanaa.

Ile ya wodini ni twiga. Aliichora baba wa mtoto mmoja aliyelazwa muda mrefu, fundi wa kuandika mabango ya maduka, aliyeomba ruhusa achore kitu ukutani ili mwanawe awe na cha kutazama. Alianza chini akapanda. Miguu ilitoka minene kama ya meza, mkia ukatoka mfupi, lakini shingo ilikuwa shingo kweli, ikapanda mpaka ikagusa dari. Kabla hajaamua kichwa akiweke wapi, mtoto akapona, wakaruhusiwa, wakaenda zao. Twiga akabaki hana kichwa. Watoto walipouliza, Sista aliwaambia kichwa kimetokeza ghorofa ya juu, ofisi ya uhasibu, kinakula mafaili. Tangu hapo sindano ikikaribia anauliza, "Tazama juu. Leo anakula nini?" Mtoto anatazama, anafikiri, anajibu, na sindano imeshatoka.

Siku ya mtihani walikaa kwenye benchi la korido wakisubiri kuitwa mmoja mmoja. Kitasa cha mlango kilikuwa kimeharibika, na mlango ulizuiwa kwa kipande cha boksi kilichokunjwa, kwa hiyo ulibaki na mwanya. Mama Pacha alikaa jirani na mwanya ule. Kabla yake aliingia Dereva, aliyekuwa amejipulizia manukato mpaka korido nzima ikajua ameoga.

Hakukusudia kusikiliza, lakini alisikia. Dereva aliulizwa habari za picha asiyoisahau, na gauni la buluu likatoka, na jumba la makumbusho likatoka, na alipofika dirishani akashusha pumzi. Palepale. Kwa urefu uleule. Mama Pacha alijikuta mabega yake nayo yanashuka, kwa mazoea. Picha ilikuwa imetumika. Na nani ajuaye kama mpishi na fundi simu, waliotangulia asubuhi, nao hawakuitumia?

Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima ikauliza, kwa Kiingereza cha taratibu, yule mwanamke anaona nini kutoka dirishani.

Dereva alikohoa. "Anaona nje," akasema.

"Na nje kuna nini?"

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Kuna amani," alisema Dereva.

Alipotoka, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akainama kidogo alipompita Mama Pacha. "Dada, kaza. Amenibana dirishani." Akaondoka bila kuaga.

Msimamizi wa korido alisema asubiri kidogo, mtahini anakunywa maji. Katika muda huo mfupi Mama Pacha alifanya jambo ambalo, akilikumbuka leo, linamkera kuliko lote. Badala ya kuiacha ile picha, aliiongezea. Nje ya dirisha akapanda bustani. Katika bustani akaweka mti, chini ya mti akaweka mtoto anayecheza, na mtoto akampa mpira mwekundu. Uongo haukai mmoja. Huzaa, na watoto wake huomba kula. Alipoitwa jina alikuwa amejiandaa kwa swali lolote la dirishani.

Chumba kilikuwa na meza, viti viwili na kinasa sauti. Mtahini alikuwa bibi wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Alimpa kadi. Kadi ilisema aeleze picha au mchoro wowote aliouona na hawezi kuusahau, na kwa nini.

Akafungua bomba. Maneno yakatoka laini, kwa mpangilio, jinsi ambavyo Kiingereza hakijawahi kumtoka maishani. Gauni la buluu. Jumba la makumbusho. Mkono wa mwanamke juu ya kizingiti. Akafika kwenye dirisha, kifua kikashusha pumzi, macho yakapanda darini. Alipoyashusha, mtahini alikuwa ameweka kalamu mezani.

Hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Uso wake ulikuwa na uchovu wa aina moja tu, na Mama Pacha aliujua uchovu huo kwa sababu ni wake mwenyewe. Ndio uso anaouweka yeye kila mara mzazi anapomleta tena mtoto mwenye homa ileile na kuapa kwamba dozi aliimaliza, wakati chupa inaonekana kwenye mfuko wake imejaa. Wazazi hao yeye huwaambia neno moja siku zote: "Niambie ukweli, mama, sikugombezi. Nikijua hakunywa, najua pa kuanzia." Amelisema mara nyingi hata wenzake humtania nalo.

Sentensi iliyofuata, ile ya amani, ilikuwa tayari mdomoni. Aliimeza.

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka. Kimya kile ndicho kilichomwangusha mara mbili zilizopita, na sasa amekiita mwenyewe. Aliwaza arobaini. Aliwaza kusogea pembeni. Mtahini alitazama saa ya mezani, akarudisha macho kwake, akasubiri.

"Samahani," Mama Pacha alisema kwa Kiingereza. "Hiyo picha sijaiona. Nimefundishwa."

Mtahini alivaa miwani tu. Huenda haruhusiwi kujibu.

"Niliyoiona ni twiga," akaendelea. "Hana kichwa."

Kuanzia hapo Kiingereza hakikuwa laini tena. Kilipanda vilima na kuteleza. Alikosa neno la dari, akanyoosha kidole juu. Alichanganya jana na leo. Lakini alimweleza yule fundi wa mabango alivyopanda juu ya kiti cha wodini kuchora shingo, na miguu kama ya meza, na ofisi ya uhasibu. Mtahini aliichukua kalamu. Akauliza kama, kwa maoni yake, ile ni picha nzuri.

Mama Pacha alifikiri. "Hapana," alisema. "Mchoraji hakumaliza. Lakini kila mtoto anammalizia."

Akaulizwa vipi, akasimulia habari ya mtoto aliyeungua mguu, aliyeletwa na majirani na hakutoa neno tangu alipolazwa. Hakulia hata walipomsafisha kidonda. Siku moja, kwa mazoea tu, Sista akamwuliza, twiga anakula nini leo. Mtoto akatazama dari muda mrefu, kisha akasema twiga hali kitu, anamsubiri mama yake. Ndipo walipojua kwamba anaweza kusema, na kwamba hakuna aliyekuwa amemweleza mama yake yuko wapi.

Kengele ndogo ya mezani ikalia. Muda umekwisha. Nusu yake, au zaidi, ilikuwa imeliwa na gauni la buluu. Mtahini alisema asante, kama anavyosema kwa kila mtu, na Mama Pacha akatoka hajui kama amejiokoa au amejizika. Nyumbani alimwambia mumewe ameharibu, akalala bila kula. Mume hakumbembeleza. Alimuuliza tu kama mwishowe amelijua dirisha linaangalia wapi, na aliposimuliwa yote, akasema afadhali ukuta usio na dirisha kuliko dirisha lisilo na ukuta.

Matokeo yalibandikwa ubaoni. Alama zake hazikuwa za kujivunia. Ziligusa mstari na kubaki juu yake, basi. Wengi wa darasa la Profesa waliandikiwa warudie. Sisemi haya ili mtu adhani ukweli hulipa kila mara. Angeweza kuanguka kwa ile nusu ya muda aliyoipoteza, na bado ingekuwa heri alivyouacha uongo. Jambo la maana ni kwamba sasa ana pa kuanzia.

Profesa alipata habari. Badala ya kuona haya, alifurahi. Jioni moja alifika wodini na simu mkononi, akamwita mwanangu, akamwomba ruhusa ampige picha yule twiga na kumnasa sauti yeye akisimulia, neno kwa neno, ili darasa linalokuja lipate jibu jipya. La dirisha, alisema, limechakaa.

Mama Pacha alisimama mlangoni, na safari hii hakusogea.

"Mwalimu, huyu twiga harekodiwi. Wanafunzi wako wakimtaka, waje wamwone kwa macho yao. Saa ya kutazama wagonjwa ni jioni. Na wakifika, waulize kwanza kama kwao hakuna picha. Dereva ana simba amechorwa nyuma ya lori lake miaka nenda rudi, wewe ukampeleka makumbusho."

Profesa alicheka kidogo, akaona hachekewi, akarudisha simu mfukoni.

Aliyekuja ni Dereva peke yake. Alikuja na machungwa kwenye mfuko kana kwamba ana mgonjwa, akasimama mbele ya ukuta, akamtazama twiga kuanzia kwato. Macho yakapanda na shingo mpaka darini, yakakwama hapo. Manukato yake yaliwafanya watoto wapige chafya.

"Sasa, dada," aliuliza, "kichwa kiko wapi?"

Mama Pacha alikuwa anakunja shuka zake za mwisho kabla ya kwenda chuoni. Kutoka kitanda cha pembeni msichana mwenye bandeji kichwani akamjibu Dereva, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa mambo yaliyo wazi, kwamba kichwa kiko juu, kinakula, na asipige kelele.